Anza na Marehemu: Kujifunza Sheria ya Mirathi Ukiwa Buzebazeba

Mwaka wangu wa pili wa kusoma sheria kwa masafa, bibi mmoja wa mtaani kwetu Buzebazeba aliniita barazani kwake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea mkeka. Halafu akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki iliyolegea pembe zote. Humo mlikuwa na cheti cha kifo cha mumewe, risiti za kodi ya jengo, daftari la rambirambi, muhtasari wa kikao cha ukoo uliojaa alama za dole gumba za wino wa buluu, na karatasi moja yenye mhuri wa mahakama ya mwanzo. Hiyo ya mwisho aliishika kwa ncha za vidole, kama ashikaye samaki mwenye miba.

"Mjukuu wangu, wewe si unasoma sheria. Hii ndiyo imempa shemeji yangu nyumba?"

Aibu ya siku ile ninayo hadi leo. Nilikuwa nimehifadhi maana ya wosia, nimehifadhi sifa za mtoa wosia, na mafungu ya Kurani ningeweza kukutajia yote bila kuvuta pumzi. Ile karatasi sikuijua. Ilikuwa Fomu Namba 4, hati ya kumteua msimamizi wa mirathi, na jibu la bibi lilikuwa fupi: hapana, haijampa mtu nyumba, imempa shemeji yako kazi. Nililipata jibu hilo wiki moja baadaye, na wiki hiyo nzima bibi alilala akijua ameshafukuzwa kwake.

Tangu hapo nimekaa na wanafunzi wenzangu wa Chuo Kikuu Huria hapa Kigoma, na wasaidizi wa kisheria wanaosikiliza watu mitaani chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na karibu wote niliwakuta na ugonjwa wangu wa zamani. Tunasoma mirathi kwa mpangilio wa kitabu: sura ya wosia, sura ya urithi usio na wosia, sura ya mafungu, na mahakama zinakuja mwishoni watu wameshachoka. Mirathi yenyewe haiendi hivyo. Inaanza na mtu kufa. Kwa hiyo chukua marehemu mmoja, mfuate tangu siku aliyokata roho hadi siku hakimu anafunga jalada, na kila sheria uikute njiani pale inapohitajika. Ukifanya hivyo kwa marehemu watatu au wanne wa kutunga, utakuwa umesoma somo zima, na halitakutoka.

Kwanza karatasi. Usianze kwa kununua vitabu vinene. Unahitaji vitu vinne, na vingi vyake ni vifupi kuliko unavyodhani. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, hasa Jedwali lake la Tano, ambalo ndilo linaipa mahakama ya mwanzo mamlaka juu ya mirathi. Kanuni za Mahakama za Mwanzo za Usimamizi wa Mirathi, yaani Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971, ambamo fomu zote zimo. Sheria ya Mirathi yenyewe, Sura ya 352, ambayo hutumika zaidi kuanzia mahakama za juu ya hiyo. Na Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lenye sheria za mila kuhusu ulezi, urithi na wosia. Jedwali la Tano lisome mara tatu kabla ya kugusa kingine, maana hapa kwetu mirathi nyingi zinaanzia mahakama ya mwanzo na nyingine zinaharibikia hapohapo. Angalia pia toleo unalosoma: sheria zetu zimetolewa katika Toleo la Urekebu la 2023, na namba ya kifungu uliyonakili kwenye daftari la kaka yako huenda imesogea.

Sasa marehemu wetu. Nimemtunga, lakini ukipita Ujiji asubuhi utakutana na nduguze. Mvuvi, Mwislamu, amekaa Buzebazeba miaka thelathini, amefia hospitali Dar es Salaam alikopelekwa kutibiwa. Ameacha mama mzazi, mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Ameacha nyumba, ekari mbili za michikichi kijijini, nusu ya boti lenye injini alilonunua kwa ubia na rafiki yake, nyavu na taa za dagaa, na akiba kidogo kwenye simu.

Swali la kwanza usiulize nani anarithi. Uliza: alikuwa anakaa wapi? Jedwali la Tano linaipa mamlaka mahakama ya mwanzo ya mahali ambapo marehemu alikuwa na makazi ya kudumu wakati anafariki. Kufia Dar es Salaam hakumhamishi. Kuzikwa kijijini kwao hakumhamishi pia, na hili lina watu wake: mtu ameishi Ujiji maisha yake yote, anazikwa kwao Kasulu, na baada ya arobaini ndugu wanafungua mirathi hukohuko Kasulu kwa kuwa ndiko walikokutana. Miaka inapita, mtu mmoja asiyeridhika anapeleka hoja ya mamlaka juu, na kila kilichofanyika kinasombwa. Mwanafunzi anayeandika mstari wa makazi mwanzoni kabisa mwa jibu lake la mtihani huwa ameshanionyesha kwamba anajua anachofanya.

Swali la pili ndilo gumu, na kwa Ujiji ni gumu mara mbili: sheria ipi? Mahakama ya mwanzo inashika mirathi pale tu sheria inayotumika ni ya Kiislamu au ya mila. Pasipo hizo mbili, tunarudi kwenye Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo tuliirithi kwa Waingereza na bado inafanya kazi Tanzania Bara, ingawa India wenyewe walishaiacha zamani. (Mwanafunzi akicheka kusikia hivyo, mwache acheke, atakumbuka.) Hakuna sanduku la kuweka tiki. Mahakama huangalia alivyoishi mtu na alivyokusudia. Katika mirathi ya Innocent Mbilinyi, mwaka 1969, Mahakama Kuu ilikuwa na Mngoni aliyeoa Mchaga, akaishi mbali na Songea, akalea watoto wasiokijua Kingoni, na ikaona kwamba mtu huyo alikwisha kuachana na maisha ya kimila, hivyo mila isimgawie mali yake. Isome kesi hiyo kisha geuka utazame mtaa wako. Hapa kwetu nyumba moja ina babu Mmanyema, bibi Mbwari, mkwe Mha, jirani Mbembe, na wote wanaswali msikiti mmoja. Ukisema "mila itumike", nitakuuliza mila ya nani. Zoezi zuri: andika nusu ukurasa ukitetea kwamba marehemu wetu aongozwe na sheria ya Kiislamu, kisha nusu ukurasa ukitetea mila. Ndoa yake ilifungwa wapi, watoto wamepewa majina gani na nani, zaka, futari, magomvi ya zamani alikwenda kuyasuluhisha kwa sheikh au kwa mzee wa ukoo. Hayo ndiyo ushahidi. Na kumbuka Tanzania Bara haina mahakama ya kadhi yenye nguvu ya dola kama Zanzibar au Kenya. Sheikh anaweza kukupigia hesabu ya mafungu vizuri kuliko wakili, lakini amri inatoka kwa hakimu.

Swali la tatu: aliacha wosia? Hapa ndipo kitabu kilipoanzia, na sasa unafika ukiwa na silaha, kwa sababu unajua tayari wosia huo utapimwa kwa kipimo kipi. Jifunze kwa kuandika. Kaa chini, mwandikie marehemu wetu wosia wa ukurasa mmoja: nyumba ampe mke, boti ampe mtoto mkubwa, msikiti upate shilingi milioni moja. Kisha vaa kofia ya mpinzani uurarue. Kwa sheria ya Kiislamu, wasia hauzidi theluthi ya mali iliyobaki baada ya madeni, na hauendi kwa mrithi ila warithi wengine waridhie. Basi nyumba ya mke na boti la mtoto vinaanguka, msikiti unapata. Kwa mila za Tangazo la 436, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wa maandishi unataka wawili kama mwenyewe anajua kusoma na kuandika, wanne kama hajui. Na kumnyima mtoto urithi si jambo la hasira za jioni: zimetajwa sababu, kama kuzini na mke wa mtoa wosia, kujaribu kumuua, au kumtelekeza katika njaa na ugonjwa bila sababu ya haki. Kwa sheria ya 1865, mashahidi wawili wanatosha, ila shahidi aliyeachiwa kitu anapoteza alichoachiwa ingawa wosia unabaki mzima. Fanya zoezi hilo na mwenzako, mmoja anaandika na mwingine anabomoa, kisha mbadilishane. Saa mbili za mchezo huo zinazidi wiki ya kukariri.

Wosia wa marehemu wetu haukuonekana. Tuendelee.

Nani asimamie? Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unapendekeza jina. Watu wanaamini kikao ndicho kinachoteua. Jedwali la Tano halisemi hivyo. Linasema mahakama inaweza kumteua mtu yeyote mwenye maslahi katika mirathi, mmoja au zaidi, na ikiona vema inaweza kumteua mtu baki mwaminifu asiye na upande. Muhtasari unaisaidia mahakama kujua familia inasemaje, na makarani huuomba, lakini mjane aliyenyimwa kikao hajafungiwa mlango. Anaweza kuomba mwenyewe, au kuweka pingamizi. Mfundishe mteja wako sentensi hiyo kabla ya nyingine zote.

Kisha kazi ya msimamizi, ambayo ndiyo bibi wa mkekani hakuambiwa. Msimamizi anakusanya mali, analipa madeni, anagawa kinachobaki, anatoa hesabu. Kanuni ya 10 ya Tangazo la 49 inampa miezi minne tangu kuteuliwa, au muda zaidi mahakama ikiruhusu, apeleke Fomu Namba 5 yenye mali na madeni yote, na baadaye Fomu Namba 6 ya hesabu. Kwa mirathi za Sura ya 352 muda ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Zishike tarakimu hizi, maana mtihani unazipenda, lakini zishike kwa sababu nyingine pia: nimeona zaidi ya mara moja mjane akija na malalamiko marefu juu ya tabia ya msimamizi, machozi na matusi yaliyotamkwa msibani, na hakuna anachoweza kufanya hakimu na hayo. Ukimuuliza "Fomu Namba 5 ilipelekwa lini?" na ikaonekana mwaka umepita haijapelekwa, sasa una jambo. Msimamizi anaweza kuondolewa kwa sababu ya kutosha, na kukaa kimya na mali ya watu ni sababu.

Ukipata nafasi ya kuona Fomu Namba 5 iliyojazwa, itazame vizuri. Ndipo mirathi inaposhinda au kushindwa, kuliko pote. Ya marehemu wetu ningeijaza hivi. Nyumba, shilingi 30,000,000. Shamba la michikichi, 12,000,000. Boti na injini: hapa wengi huandika thamani yote, na ni kosa, kwa sababu nusu ni ya mbia, boti lina thamani ya 16,000,000, basi andika 8,000,000. Nyavu na taa, 1,000,000. Akiba ya kwenye simu, 2,000,000. Jumla 53,000,000. Nenda uyaone hayo kwa macho, usiandikiwe na mtu. Mwaka 2024 uvuvi ziwani Tanganyika ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, maboti yalilazwa mchangani na injini zikawekwa ndani, na ilikuwa rahisi kuzihesabu. Siku za kawaida boti liko majini, injini imeazimwa, na aliyeiazima hana haraka ya kusema.

Upande wa pili andika madeni. Mazishi, 1,000,000. Mkopo wa injini, 3,000,000. Mafuta na vifaa alivyokopa dukani, 500,000. Na mahari. Mwulize mjane, kwa faragha na kwa upole, kama mahari yake ilimalizwa. Mara nyingi ilibaki, mara nyingi hajui kuwa ni deni, na sheria ya Kiislamu inaihesabu kama deni la marehemu linalolipwa kabla ya urithi. Tuseme ilibaki 500,000. Madeni na mazishi pamoja ni 5,000,000, kinachobaki ni 48,000,000. Hii ndiyo mirathi ya kugawa. Ukikosea juu ya mstari huu, hesabu nzuri za chini yake hazikuokoi.

Sasa ndipo unafungua Sura ya An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Mke akiwa na watoto wa marehemu anapata thumni, moja ya nane. Mama anapata sudusi, moja ya sita. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili kwa fungu moja la wa kike. Chukua 24 iwe asili, yaani namba inayogawanyika kwa nane na kwa sita: mke 3, mama 4, zinabaki 17. Watoto wana vichwa vitano vya hesabu, mbili na mbili na moja, na 17 haigawanyiki kwa tano. Zidisha 24 kwa tano, upate 120. Mke 15, mama 20, kila mvulana 34, msichana 17. Jumlisha uone kama inarudi 120, inarudi. Fungu moja ni shilingi 400,000. Kwa hiyo mke atapata 6,000,000 (mbali na mahari yake, ambayo si urithi), mama 8,000,000, kila mtoto wa kiume 13,600,000, na wa kike 6,800,000. Wanaoogopa hesabu hizi wengi hawana shida ya hesabu, wana haraka. Andika asili, andika mafungu, jumlisha, ndipo uguse shilingi. Ukishazoea, jaribu mume aliyefiwa na mke asiye na mtoto, akabaki na dada wawili wa marehemu wa baba na mama mmoja: nusu na theluthi mbili zinazidi nzima, na utalazimika kujifunza aul, yaani asili ya sita inapandishwa kuwa saba ili kila mtu apunguziwe kwa uwiano wake.

Lakini usiishie hapo, maana jambo lililonifungua macho mimi ni hili lifuatalo. Chukua 48,000,000 zilezile, familia ileile, ubadilishe sheria tu. Kwa sheria ya 1865, mjane mwenye watoto anapata theluthi: 16,000,000. Watoto wanagawana zilizobaki sawasawa, wa kiume na wa kike, na mama wa marehemu hapati kitu. Kwa mila za Tangazo la 436, zilizoandikwa kwa makabila ya ukoo wa baba, mjane mwenye watoto hana fungu lolote. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza yeye. Mtoto wa kiume wa kwanza anachukua kikubwa, binti yuko daraja la mwisho. Milioni sita, milioni kumi na sita, sifuri. Ndiyo maana nilikwambia swali la pili ndilo gumu. Waliogombania "sheria ipi" mahakamani wakionekana wanasumbuana kwa maneno ya kisomi walikuwa wanagombania nyumba.

Hiyo sifuri imeshapelekwa mbali. Wajane wawili wa Kisukuma walioondolewa majumbani na wakwe zao walikwenda Mahakama Kuu, wakaenda Mahakama ya Rufani, wakakosa, na mwisho wakafika kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imevunja haki zao na ikaitaka ibadilishe sheria hizo. Weka uamuzi huo kwenye daftari pamoja na ule wa Jaji Mwalusanya wa mwaka 1990, katika kesi ya Holaria Pastory, uliokataa mila ya Kihaya iliyomkataza mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi. Na kwa lile shamba la michikichi la kijijini, kumbuka kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke haina nguvu. Mwanafunzi mvivu huandika "mila humnyima mjane" akaweka nukta. Anayejua huongeza kwamba mila hiyo inaweza kupingwa, na kwa silaha ipi.

Mambo mawili ya hapa kwetu vitabu vya Dar es Salaam havitakupa. La kwanza ni ziwa. Marehemu wa Kibirizi au Ujiji anaweza kuwa na nyumba Kalemie au Uvira, na mara nyingine familia nzima huko. Mali isiyohamishika hufuata sheria ya pale ilipo, na Kongo wana Kanuni yao ya Familia ya 1987, ambamo watoto huchukua robo tatu na wengine, mke au mume wakiwamo, wakagawana robo iliyobaki. Hati ya hakimu wa Ujiji haivuki maji yenyewe. Watoto wa ng'ambo, lakini, ni watoto, na wana sehemu katika mali ya huku; kuwaacha nje ya mgawo kwa kuwa "wako mbali" ndiyo njia ya uhakika ya kuifungua mirathi upya baada ya miaka kumi. Mtoto wa nje ya ndoa ni mtihani mwingine tena: kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 hakitaki mtoto anyimwe kunufaika na mali ya mzazi wake, fiqhi haimrithishi kwa baba. Usijaribu kuzipatanisha kwa maneno matamu. Ziweke sambamba, useme zinagongana wapi.

La pili ni lugha. Tunafundishwa kwa Kiingereza, lakini tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, na tangu hapo awali ndiyo lugha ya mteja. Kwenye daftari, pembeni ya kila neno la kigeni andika utakavyomwambia bibi. Kama huwezi kulisema kwa Kiswahili cha barazani, hujalielewa bado.

Hukumu zisome bure kwenye TanzLII. Tafuta "mirathi" pamoja na "Kigoma". Zamani rufaa zetu zilikwenda Tabora, sasa Mahakama Kuu inakaa hapahapa, kwa hiyo utakuta majina ya mitaa unayoijua. Usinakili hoja za mawakili. Kwa kila hukumu andika mistari sita tu: nani kafa, lini, alikaa wapi, sheria ipi, nani analalamika, jaji kaamuru nini. Ukifika hukumu ya ishirini utaanza kutabiri mstari wa sita ukiwa kwenye wa tano. Na siku moja moja kaa nyuma ya chumba cha mahakama ya mwanzo usikilize. Mlango uko wazi. Unayoyasikia humo yaache humo.

Kifaa cha mwisho ni mti wa familia, na ninauweka mwisho kwa sababu nilichelewa kuujua. Kila jina lenye msalaba au nukta ya kifo liwe na tarehe. Mwaka hautoshi, taka siku. Nyumba nyingi za Ujiji bado zina jina la babu, na kabla ya kumgawa babu wamekufa watoto wake wawili na mjukuu. Kila kifo ni mirathi yake, inachotwa kutoka ile ya juu yake, na hesabu inashuka ngazi kwa ngazi. Waislamu huiita munasakha. Ukichanganya nani alitangulia, umempa mtu mali ya mwenzake.

Nilirudi kwa yule bibi na karatasi kubwa na kalamu. Nilishamweleza kwamba shemeji yake ni msimamizi tu, na tulikuwa tumekubaliana kwenda pamoja mahakamani kuuliza habari za Fomu Namba 5. Nikachora mume juu, yeye pembeni, watoto watano chini. Wanne wako hai. Wa tatu nikamwekea nukta.

"Huyu alitangulia, bibi, au baba yake alitangulia?"

Alinyamaza akikunja pembe ya mkeka. "Baba yake. Mtoto alikwenda ziwani na arobaini ya baba yake haijafika."

"Aliacha mke?"

"Aliacha. Yuko Bangwe, na mtoto mmoja wa kike. Kwenye kikao hawakuitwa."

Nikageuza karatasi, nikaanza kuchora mti wa pili.